Kwa Rayya, Kabla Hujasaini

Mwanangu Rayya,

Ijumaa iliyopita uliniuliza swali kwenye simu, nikakwambia nitakujibu kwa maandishi. Ulicheka. "Baba, mie si wizara," ulisema, "huna haja ya kuniandikia barua." Nikangoja umalize kucheka, nikakuomba ruhusa ya kuichapisha hapa, kwa sababu mhariri wa ukurasa huu hajanipa pumzi kwa kunitaka makala, na kwa sababu hapa mtaani naijua milango kadhaa ambayo nyuma yake kuna mzee mwenye swali kama langu. Ulikubali kwa sharti moja, kwamba nisikupambe. Sitakupamba.

Swali lenyewe wasomaji walijue tangu mwanzo. Wizara unayofanyia kazi huko Uholanzi, ile inayosimamia kilimo, uhifadhi wa mazingira na usalama wa chakula, imekupa mkataba wa kudumu. Hapa Maskati nako kuna ofisi iliyo tayari kukuajiri kwa kazi inayokaribiana na hiyo. Waajiri wote wawili wanataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Ukaniuliza: "Nisaini, au nirudi?"

Kabla sijajibu, nataka nikumbuke na wewe mambo machache, maana sina mwingine wa kuyakumbuka naye.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukisoma makopo. Wenzio walisoma hadithi, wewe ulisimama katika duka la chini ya jengo letu, Khuwair ya Kusini, ukageuza makopo kutafuta tarehe ya mwisho wa kutumika. Siku moja ya Idi tulikwenda kwa jirani yetu Bi Zuwena. Akakutuma jikoni ukamsaidie kuleta sinia ya matunda na malai, nawe ukarudi na kopo tupu la malai mkononi, ukasema mbele ya wageni wote waliokwisha kuanza kula, "Bi Zuwena, hii imekufa tangu Ramadhani."

Mama yako alikufinya. Bi Zuwena akashika kiuno. "Ati nini? Huyu mtoto au baladiya?"

Baladiya, kwa msomaji asiyeishi huku, ni manispaa, na watu wake ndio wanaoingia mikahawani bila kubisha, wakafungua majokofu na kunusa nyama. Jina likakukaa. Kila tulipopita mlangoni kwake ilikuwa, "Baladiya hao! Ficheni maziwa!" Nawe hukukasirika hata kidogo. Ulitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Nilipoandika habari za soko la samaki la Matrah nilikuchukua, kwa sababu mama yako alitaka nyumba itulie asubuhi moja katika wiki. Mimi niliuliza bei, wewe uliinua mashavu ya samaki na kuangalia wekundu wake. Muuzaji mmoja alikwambia, "Binti, unanunua au unapima?" Ukamjibu, "Napima." Akanitazama mimi, nami nikaangalia bahari. Tuliporudi nikamhadithia mama yako, akasema, "Huyu ataolewa na jokofu."

Ulikwenda Uholanzi ili usome kisha urudi. Ukasoma. Ukabaki kidogo upate uzoefu, na uzoefu ukawa ajira. Mama yako alipofariki ulikuja, ukakaa hadi baada ya khitma, na siku ya kuondoka ukatoa makopo yote kabatini, ukayapanga sakafuni, ukayasoma, ukatupa yaliyopitwa na wakati. Yalikuwa mengi. Yeye ndiye aliyeyanunua. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na wewe hukugeuka. Kisha nikakupeleka uwanja wa ndege.

Sasa nije kwenye safari yangu ya mwaka jana.

Nilipofika Hague ulinionyesha jengo la wizara kama mtu anavyomwonyesha mgeni msikiti mkubwa. Mimi nimeingia wizara nyingi katika maisha yangu, nikiwa na kalamu mfukoni na kadi shingoni, na kawaida nasubiri sana, naletewa kahawa, kisha naambiwa mheshimiwa ametoka. Pale nilimwona bosi wako akifika kwa baiskeli, suruali ameibana kwa mpira, na mchana akala mkate wa jibini aliotoka nao nyumbani. Ukaniambia nisimtazame hivyo.

Nilichokiona cha ajabu zaidi ni kwamba mwenye ng'ombe, mwenye msitu na mwenye kukagua maziwa wote wamewekwa chini ya paa moja. Nikakuuliza, kama ambavyo ningemuuliza msemaji yeyote, "Nani hushinda?"

"Hashindi mtu, Baba," ulisema. "Tunaamka asubuhi, tunaendelea kugombana."

Ndani ya gari ukanieleza ugomvi wenyewe. Kinyesi na mkojo wa ng'ombe hutoa hewa ya amonia, hewa hiyo hupeperuka na kuangukia maeneo ya asili yaliyo jirani, na naitrojeni iliyomo huurutubisha udongo. Nikasema kurutubisha si ndiyo kazi ya mbolea? Ukasema ndiyo, lakini ile ni ardhi iliyozoea njaa. Maua yake ya zambarau yanaishi humo kwa sababu hakuna mwingine anayeweza. Ikishiba, nyasi zinakuja na kuyafukuza. Kwa hiyo serikali inawaendea wafugaji walio karibu na ardhi hizo na kuwaomba, wanaotaka, wauze na kufunga. Kazi yako wewe ni kukaa nao jikoni mwao na kuwaeleza.

Mfugaji tuliyekwenda kwake nitamwita Hendrik, ingawa silo jina lake. Alikuwa amekataa kuonana na mtu yeyote wa wizara. Ulipompigia simu kumwambia wiki ile huwezi hata kujaribu kumtembelea, kwa kuwa baba yako amekuja kutoka Omani, alisema, "Mlete." Daftari langu niliacha garini. Nilikuwa mgeni tu.

Mkewe alitukaribisha jikoni. Alileta kahawa kwenye birika kubwa na kopo la biskuti. Akalifungua, akatupa kila mmoja biskuti moja, akalifunga na kulirudisha juu ya kabati. Mimi nilidhani ameliondoa ili alete vitu vyenyewe. Kwetu kahawa haiji peke yake. Kuna fuala, sinia ya tende, halwa na matunda, na mdogo kuliko wote anasimama na dele la kahawa akimimina hadi mgeni aseme basi. Na mgeni hasemi kwa mdomo. Anatikisa kikombe.

Basi nikamaliza kahawa yangu, nikatikisa kikombe. Mama yule akainuka, akanijazia. Kikombe chao si kifinjani, ni kama bakuli lenye mkono. Nikanywa kwa heshima, nikatikisa tena. Akanijazia tena, safari hii akitabasamu, mwanamke aliyefurahi kwamba kahawa yake inapendwa. Nikakutazama. Ulikuwa umeinamisha uso juu ya karatasi zako na mabega yanatetemeka.

"Rayya," nikasema, "mwambie basi."

"Mwambie weye, Baba. Hapa ukitosheka unasema hapana."

"Nshatikisa!"

"Wanaona unaomba."

"Na weye umekaa unaniangalia nnazama?"

Hendrik alikuwa bado hajavua kofia wala kukaa sawasawa. Alikaa upande, kama mtu anayesubiri tuondoke. Akakuuliza tunagombania nini. Ukamweleza, na ukamwonyesha kwa kikombe chako. Akacheka hadi akalazimika kufuta macho, kisha akamwambia mkewe neno, na mkewe akapanda juu ya kistuli akalishusha kopo na kulifungua.

"Baba," ukaninong'oneza, "hujui ulichokiona. Kopo halifunguliwi mara ya pili. Miaka yote hii sijapata kuona."

Baada ya hapo alivua kofia. Alizungumza muda mrefu, nawe ukanifasiria kwa sauti ya chini, kidogo kidogo, Kiholanzi kikiingia na Kiswahili kikitoka. Alisema babake ndiye aliyejenga zizi. Alisema kijana wake yuko New Zealand. Nikauliza anafanya nini huko. Anafuga ng'ombe, alisema, ng'ombe wa watu wengine. Mkewe akatazama dirishani.

Kisha akanigeukia mimi. Ulisikiliza mpaka akamaliza, na nikaona unavuta pumzi kabla ya kufasiri. Ungeweza kuyalainisha na nisingejua. Hukuyalainisha. Ulisema, ukilitazama lile kopo: "Anasema, binti yako anakuja kuniambia niuze kwa sababu mwanangu harudi. Je, kwako wewe amekuja kukuambia nini?"

Nikasema, "Mwambie mimi sina ng'ombe."

Walicheka wote. Wewe ulicheka pia, lakini uliacha mapema.

Garini, tulipofika barabara kuu, ukasema, "Hukumjibu."

"Alikuwa akitania."

"Hawatanii hivyo hawa, Baba."

Nikakwambia uangalie barabara.

Nilirudi Maskati, na tangu hapo hatujalizungumza. Mimi nina kazi bado. Naitwa kwenye mikutano ya waandishi, vijana wananipisha kiti cha mbele na kuniita Ami, nauliza swali langu na kurudi nyumbani. Ulisema nisikupambe wewe, na mimi sitajipamba. Nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja. Nala nimesimama, karibu na sufuria, maana kuandaa meza kwa ajili yangu naona kama kuigiza. Jioni nasikiliza taarifa ya habari redioni na kumsahihisha msomaji kwa sauti, na nimeshajikuta nikimngoja anijibu. Kahawa nachemsha mwenyewe, najimiminia mwenyewe, na nikitosheka naacha tu.

Mwezi uliopita nilikwenda Yiti kuandika habari za nyavu zilizotelekezwa baharini. Unakumbuka pwani ile. Mama yako alikuwa akitandika mkeka, wewe unamkataza asifungue mayai kabla hujayaweka kivulini. Nilifanya mahojiano yangu, nikamaliza. Mvuvi mmoja alikuwa ameniambia jambo la kuchekesha sana, na nikielekea garini nikageuka kumwambia mtu. Hakukuwa na mtu. Nikaliweka nikuhadithie. Sasa nimelisahau.

Asubuhi nashuka kwenye kafeteria ya chini. Yupo pale binti wa Kikenya, Mercy, anayehudumia kaunta, na hajui kunyamaza.

"Mzee, leo pia uko peke yako?"

"Leo pia."

"Na huyu Rayya wa Uholanzi? Huko si ni baridi tu na ng'ombe?"

"Ng'ombe wanapunguzwa."

"Basi imebaki baridi. Mwambie arudi."

Nikamwambia mambo hayo hayasemwi, mtoto akishakuwa mtu mzima anaachiwa aamue. Akaniwekea chai mbele kwa nguvu hadi ikamwagika kwenye sahani.

"Mzee, wacha nikuambie. Mamangu kila Jumapili ananipigia, ananiambia rudi nyumbani. Na sirudi! Lakini siku ataacha kuniambia, hiyo siku nitalia hapa hapa mbele ya wateja."

Nilikunywa chai yangu nikaondoka. Nilidhani ni maneno ya kaunta. Kisha ikaja simu yako ya Ijumaa.

Kabla ya kuniuliza swali lako uliniambia habari za Hendrik. Alikwisha kukubali kuuza. Ulikuwa umeahidi kuwepo siku malori yatakapowachukua ng'ombe, ingawa si sehemu ya kazi yako, na ukaenda. Ulisema aliwataja kwa majina walipokuwa wakipanda, na mmoja alirudi nyuma, na yeye mwenyewe ndiye aliyemsukuma. Mkewe alikuwa ndani akipanga mizigo, maana sasa wanaweza kusafiri, wanakwenda kumwona kijana wao. Malori yalipoondoka alisimama zizini akauliza hali yangu. Ukamwambia mzima. Ndipo akakwambia kuhusu mwanawe maneno ambayo ulinifasiria mara moja, kwa sauti ya kazini, na ambayo tangu Ijumaa sijaweza kuyaweka pembeni: "Aliponiuliza abaki au aende, nilimwambia afanye anavyotaka. Akaniamini."

Na papo hapo, bila hata kupumzika, ukaniuliza mimi.

Nataka ujue nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Lilikuwa lile lile. Fanya utakavyo, mwanangu. Ni jibu zuri, linasikika kama la mzazi mstaarabu, na linamaliza simu. Ndiyo maana nikasema nitakuandikia.

Katika kazi yangu kuna sheria moja ambayo nimewafokea kwayo vijana wengi: habari iwe kwenye ukurasa wake na maoni yawe kwenye ukurasa wake. Nitakutenganishia.

Habari ni kwamba mimi ni mzima. Daktari hana la kusema. Pensheni yangu inanitosha, gari linawaka, na jirani wa mkabala anagonga mlango akiona sijatoka. Kazi unayoifanya huko unaijua na inakufaa. Nimekuona ukiifanya, na mtu aliyekataa kufungua lango alivua kofia mbele yako. Kazi ya hapa sijui itakuwaje, nawe hujui, na nimejaribu kuwauliza watu bila wao kujua ninamuulizia nani, nikapata majibu yanayopingana. Hakuna sababu yoyote ya lazima inayokutaka uwe Maskati. Kama kuna ndugu anayekwambia ipo, muulize amekitoa wapi hicho anachokisema.

Maoni yangu ni kwamba nataka urudi.

Sitaki kwa sababu naumwa, wala kwa sababu watu wanasema. Nataka uwe upande wa pili wa meza ukinikataza kula kitu. Nimeishi muda mrefu kwa kuandika wanachotaka watu wengine, hiki ni changu, na sijakisema hata mara moja tangu uondoke. Ulipokuwa ukinieleza uzoefu, shahada, ajira, kila mara nilisema vizuri. Ilikuwa vizuri kweli. Lakini hayo yalikuwa ukurasa wa habari, nawe hukuwahi kuona ule mwingine, na huenda umefikiri haupo.

Usiyachukue maoni kama habari. Uyapime kwa uzito wake tu, na ukiyaona mepesi, saini. Nitakuja tena wakati maua yale ya zambarau yakichanua, kama nyasi hazijayamaliza, na sitanuna. Nimeandika barua hii ili jambo moja tu lisitokee: usije ukasaini ukidhani kwamba huku hakuna anayekutaka. Anakutaka. Sasa unajua, na kalamu iko mkononi mwako.

Nipigie ukishaamua, jibu lolote lile. Usitume ujumbe. Nataka kulisikia kwa sauti yako.

Mungu akuhifadhi huko kwenye baridi.

Ni mimi, baba yako,
Khuwair ya Kusini, Maskati